Nta Katika Tundu la Skrubu

Ijumaa asubuhi, saa mbili kamili, Inspekta Amos Garside alimkuta mkuu wake amekwisha kuvaa koti na kofia, na safari yenyewe bado saa sita mbele.

"Saa nane mchana namfikisha mbele ya hakimu," alisema Mrakibu Thwaite. "Mwanamke amekiri, ametia sahihi. Sasa unataka nini tena, Garside? Akiri kwa kuimba?"

"Nataka saa hizo sita, bwana."

"Za nini?"

"Amekiri upesi mno."

Thwaite alichekea puani. "Polisi wenzio wakikiriwa upesi huenda kunywa chai. Haya, chukua. Ila saa nane ni saa nane."

Jambo lenyewe mji mzima wa Hallowdale ulikuwa unalijua. Jana yake, Alhamisi, Mzee Josiah Pellwood, mwenye miaka sabini na tisa, alikutwa amekufa katika chumba chake cha vioo, mkono umekakamaa juu ya kirungu cha redio, kile cha kutafutia stesheni. Umeme. Na redio haikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa redio ya Pellwood, iliyotengenezwa katika kiwanda chake mwenyewe, kiwanda ambacho siku hii ya Ijumaa, saa sita mchana, kilikuwa kinafungwa moja kwa moja.

Jumatano mchana redio hiyo ilikuwa imerudishwa kutoka kwenye matengenezo. Aliyeitengeneza na kuibeba mkononi mpaka mlangoni alikuwa Hetty Barraclough, mjane wa miaka hamsini na minane, mfanyakazi wa Pellwood kwa miaka thelathini na mmoja. Polisi walipomfuata nyumbani hakungoja kuulizwa. Alisema, "Nilisahau nta." Kisha akaenda kuchukua kofia yake.

Garside aliyasoma maelezo yale mara tatu. Mistari minne tu. Mtu anayesema kweli hurudiarudia, hujitetea, humlaani huyu na yule. Huyu alikuwa kama anayesoma kibao cha duka.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa juu ya kilima, mkabala na bomba refu la moshi la kiwanda. Mlango ulifunguliwa na Bi Ackroyd, mtumishi wa nyumba, mama mfupi mnene aliyelia mpaka pua ikawa kama nyanya.

"Futa miguu, mwanangu. Mwenye nyumba kafa lakini zulia halijafa."

Akafuta.

Chumba cha vioo kilikuwa cha baridi. Sakafu ya vigae, maua ya mzee pembeni, ndoo ya kumwagilia imelala ubavu. Redio ilikuwa juu ya meza yake, kubwa kama sanduku la mkate, ubao wake umepigwa msasa na rangi mpaka unang'aa. Kando yake palikuwa na kijiredio cha betri kisichozidi kipande cha sabuni, kimefungwa utepe ambao haujafunguliwa.

"Hicho?"

"Zawadi ya mtoto wa kaka yake, Bwana Clive. Huyo aliyewauzia kiwanda watu wa London. Alikuja Jumatano jioni, akakiweka hapo, akasema, 'Ami, hii ndiyo dunia ya sasa.' Mzee hakukigusa hata kwa ncha ya kidole." Bi Ackroyd akasogea karibu, akapunguza sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Ukiniuliza mimi, muulize yeye. Mtu anayeuza jina la ami yake angali hai, atashindwa kumuua?"

"Aliondoka saa ngapi?"

"Jioni ile ile. Nilimsindikiza mwenyewe kwenye treni, na nilifurahi kumpa mgongo."

"Hakurudi?"

"Alipigiwa simu London jana saa tatu asubuhi, akaipokea mwenyewe. Hapo hata ndege asingefika."

Basi Clive akaondoka katika hesabu, na Garside akapiga magoti mbele ya soketi ukutani. Nyumba ilikuwa ya zamani, soketi zake za matundu mawili, na plagi iliweza kuingia hivi au kinyume chake. Redio za namna hii zilikuwa za bei nafuu kwa sababu hazikuwa na transfoma, kile chuma kizito kinachotenga umeme wa ukutani na bati la ndani. Ukichomeka sawasawa, bati lilikuwa salama. Ukichomeka kinyume, bati zima lilikuwa na umeme, na kutoka kwenye bati umeme ulipanda mpaka kwenye skrubu ndogo iliyoshika kirungu. Mradi skrubu hiyo imezibwa kwa nta, hakuna mtu angejua kitu maisha yake yote.

Upande mmoja wa plagi palikuwa na nukta nyeupe ya rangi. Nukta ilikuwa imetazama sakafuni.

"Bi Ackroyd, hii nyeupe hukaa juu au chini?"

"Juu! Miaka ishirini na mitano nyeupe ni juu. Mzee alinifunza kabla hajanionyesha jiko liko wapi. Kila asubuhi mimi huitazama kwanza ndipo nifute vumbi."

"Na jana?"

"Jana saa moja nilitazama. Ilikuwa juu. Nikafuta redio kwa kitambaa kibichi, na virungu vyake. Ilikuwa inaimba hata."

"Kwa kitambaa kibichi."

"Si nimekwambia?"

"Kisha?"

"Nikaenda kwa mwuza nyama. Nikafunga mlango kwa ufunguo, mzee hapendi wageni kabla ya chai. Kurudi saa tatu kasorobo..." Akajifunika uso kwa aproni. "Alikuwa hana viatu, mwanangu. Miguu mitupu kwenye vigae vilivyolowa, na mzee yule alikuwa haendi hata bafuni bila soksi. Mkono mmoja kwenye redio, mwingine umeshika bomba la maji ya moto."

Garside aliandika polepole. Kisha akachukua lenzi, akatazama kirungu. Ubavuni mwake palikuwa na tundu, na ndani ya tundu skrubu ikimeta wazi. Nta haikuwamo. Lakini ukingoni mwa tundu palikuwa na uzi mwekundu wa nta, mwembamba kuliko unywele. Tundu ambalo halikuwahi kutiwa nta haliachi uzi.

"Mzee alikuwa akivuta sigara?"

"Daktari alimkataza mwaka wa hamsini na mbili. Kiberiti humu ndani ni kimoja tu, changu cha jikoni, nacho jana kimenitia wazimu. Nafungua droo, njiti zote zimemwagwa humo, na boksi halipo! Nani ana haja na boksi bila njiti?"

Garside akafunga daftari. Katika orodha ya vitu vilivyotolewa mifukoni mwa marehemu, aliyoisoma asubuhi ile, mstari wa tano uliandikwa: kiberiti, kimoja.

*

Bahasha ya vitu vya marehemu ilikuwa kwenye kabati la kituo. Saa ya mnyororo, miwani, leso, kisu cha kukunja, kiberiti. Ncha ya kisu ilikuwa na doa jekundu. Garside akafungua kiberiti juu ya karatasi nyeupe.

"Tulidhani ni peremende," alisema konstebo wa zamu. "Mimi nilitaka kuionja."

"Ungeionja ungeniua mimi."

Ndani palitandikwa pamba, na juu ya pamba palilazwa kipande cha nta nyekundu, kipana kama kifungo cha shati, chini kina mkia mfupi wenye umbo la tundu la skrubu. Hakikuvunjwa. Mtu mwenye subira alikuwa amekipasha moto kidogo, akakizungushia ncha ya kisu, akakitoa kizima kama mtu atoaye kiini cha yai. Na juu ya uso wake palikuwa na mistari ya kidole gumba, imekaa wazi, imekatwa katikati na kovu lililonyooka.

"Mpiga picha yuko wapi?"

"Wakefield, bwana. Anarudi Jumatatu."

Garside akatia kiberiti katika mfuko wa ndani wa koti, akatoka. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

*

Kiwanda cha Pellwood kilikuwa zamani kiwanda cha sufu, na bado kilikuwa na bwela lake, tangi la kuchemshia maji, na honi ya mvuke iliyoamsha mji. Leo mashine zilikuwa kimya. Wanawake walikaa vikundi vikundi juu ya meza zao, wamevaa makoti, wanakunywa chai kwenye vikombe walivyoleta siku ya kwanza ya kazi na ambavyo leo wangerudi navyo nyumbani. Mmoja akapaza sauti: "Inspekta, umekuja kutukamata? Utukamate sote basi, huko kwenu si kuna chakula cha mchana!" Wakacheka, lakini kicheko kilikatika upesi kama uzi mbovu.

Bwana Lumb, msimamizi wa wakaguzi, alikuwa nyuma kabisa, amepanda ngazi, anateremsha ubao ukutani. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake la kahawia limejaa kalamu.

"Nishikie huku, ndugu yangu. Mzito kama dhambi."

Wakauweka juu ya meza. Ulikuwa ubao mrefu kama mlango, na juu yake safu kwa safu ya duara ndogo za nta nyekundu, kila moja imegandamizwa na kidole gumba, na chini ya kila moja jina na mwaka.

"Hiki nini?"

"Hiki ndicho kiwanda," alisema Lumb. "Mzee alianza mwaka wa ishirini na tatu, katika banda la farasi nyuma ya kanisa. Watu watatu na farasi mmoja, na farasi ndiye aliyekuwa na nafasi zaidi. Mwaka wa thelathini na sita tulikuwa mia tatu. Ndipo mama mmoja kule Halifax akafa. Redio yetu. Tundu halikuzibwa, na hatukuweza kujua nani hakuliziba. Mzee alikwenda mazikoni kwa miguu. Kurudi akatoa amri: kila redio inayotoka, aliyeiunga atatia nta mwenyewe na kugandamiza kwa dole lake. Akasema, kidole chako ndicho neno lako. Tangu siku hiyo, Inspekta, redio laki nane, na hakufa hata paka."

"Na wewe ulikuwa ukitazama mistari?"

"Kila asubuhi, kwa lenzi. Nta mbovu, naenda kwa mwenye dole." Akapitisha mkono juu ya ubao bila kuugusa. "Safu hizi za vita, tulikuwa elfu na mia moja, tunatengeneza za ndege. Mama yako yule pale, safu ya nne. Martha Garside. Dole fupi, safi."

Garside alitazama, akaondoa macho.

"Na huku chini?"

"Huku chini majina yanapungua. Kwanza watu wakataka picha, si sauti. Tukajaribu televisheni, tukachelewa. Halafu kikaja hiki cha betri. Kinaingia mfukoni, wasichana wanakwenda nacho hata chooni. Mzee alikifungua hapa, mezani kwangu, akakitazama nusu saa. Akaniambia, 'Lumb, hiki hakiwezi kumuua mtu. Hakihitaji nta. Hakihitaji kidole.' Nikamwambia si vizuri hivyo? Akasema, 'Vizuri sana.' Akaenda zake." Lumb akavuta pumzi. "Hao wa London hawajanunua mashine, wala watu. Wamenunua jina. Watalibandika kwenye vitu vinavyotoka huko vinakotoka."

Garside akatoa kiberiti, akakifungua. Lumb akainama na lenzi yake mwenyewe. Hakuchukua hata dakika.

"Hetty."

"Una hakika?"

"Kovu lile alilipata mwaka wa thelathini na tano, chuma cha lehemu. Mtazame mwenyewe, safu ya pili, wa saba." Garside akalinganisha. Kovu lile lile, mahali pale pale, na mistari mitatu iliyopanda kushoto kama ngazi. "Umeitoa wapi?"

"Mfukoni mwa mzee."

Lumb aliweka lenzi chini. Alikuwa mtu wa kukagua, na haikumchukua muda kukagua hili.

"Basi Hetty aliitia."

"Aliitia."

"Na aliyeitoa..." Wale wanawake wakaanza kuimba kitu huko mbele, mmoja akaimba vibaya kwa makusudi, wenzake wakamzomea. "Kesho tunamzika," alisema Lumb. "Wote mia na arobaini watatembea nyuma ya jeneza. Wameazimana kofia nyeusi. Inspekta, hili ukilisema..."

"Nisiposema, Hetty anakwenda jela."

"Najua." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta ubao uliokuwa safi. "Ndiyo maana nasema tu. Sikwambii la kufanya."

*

Saa sita kasoro dakika ishirini, Hetty Barraclough aliletwa katika chumba cha mahojiano. Mwanamke mwembamba, nywele fupi za mvi, amekaa wima kama aliye kwenye meza ya kazi. Garside alimwekea chai, akaketi mkabala naye, akamwambia konstebo asimame nje.

"Umekonda, Amos," alisema Hetty. "Mama yako angekuwa hai angenisuta mimi."

"Bi Hetty, redio ile ulitia nta?"

"Nimekwisha kusema. Nilisahau."

"Miaka thelathini na mmoja hujasahau, ukasahau ya mwenye kiwanda?"

"Ya mwisho ndiyo hiyo. Mikono ilichoka."

Garside akaweka kiberiti mezani, akakifungua, akakisukuma mpaka katikati. Hetty akatazama.

"Hii ilikuwa mfukoni mwake," alisema Garside. "Imetolewa kwa kisu chake, ikalazwa kwenye pamba. Plagi ilikuwa juu saa moja. Saa tatu kasorobo iko chini. Mlango umefungwa kwa nje. Amevua soksi, amelowesha vigae, ameshika bomba. Hakuna mtu wa pili katika habari hii. Na Bwana Lumb amelitambua dole."

"Lumb mdomo wake haujawahi kuwa na nta."

"Mtu akitaka kufa tu, nta angeitupa. Huyu ameitunza. Alijua tutakuja kukuuliza wewe. Amekuachia shahidi, Bi Hetty."

Mwanamke yule alikizunguka kikombe kwa viganja viwili.

"Jumatano nilipompelekea," alisema Hetty mwishowe, "nilimwambia maneno. Nilimwambia, miaka yote hii tumeziba matundu yako usiue watu, na wewe tundu moja tu la kutuzibia sisi limekushinda. Nikamwambia, ungekufa mwaka jana tungekulilia."

"Akasemaje?"

"Akanishukuru kwa kubeba mzigo kilima kizima. Akauliza kama nimetia nta. Nikamjibu, mimi si wewe, mimi kazi yangu huimaliza. Akakigeuza kirungu, akatazama. Akasema, 'Naona, Hetty.'" "Sasa niambie wewe msomi wa sheria: aliyemuua ni nani?"

"Sheria haijui maneno. Inajua nta."

"Sheria inajua na jingine. Kujiua ni kosa. Kijana wa Holroyd alipojiua mwaka juzi, mchungaji alimpitisha nje ya ukuta wa kanisa kwenda kumzika, mama yake anafuata na mwavuli kama anayekwenda sokoni. Unataka Mzee Josiah apite huko? Na wale mia na arobaini wapite wapi na kofia zao za kuazima? Leo mnawanyang'anya kazi, kesho mnawanyang'anya hata mtu wa kumlilia."

"Bi Hetty, ni miaka mitatu. Pengine mitano."

"Na nje kuna nini? Kuanzia leo saa sita sina pa kwenda asubuhi."

"Una jina."

"Jina!" Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya kukisikia. "Wamelinunua, hujasikia?"

"Nataka jambo moja tu. Sema kweli mbele ya Mrakibu. Mimi nitaweka hii mezani, Lumb ataleta ubao, na utalala kwako leo."

Hetty akanyanyua kichwa, kama mtu aliyeitwa.

Honi ya kiwanda ilikuwa inalia.

Ililia kama ilivyolia kila siku saa sita tangu kabla Garside hajazaliwa. Lakini kawaida ililia kwa muda wa mtu kuvaa koti, na leo haikukoma. Barabarani watu walisimama. Mwuza mboga alivua kofia. Magari yakasimama nyuma ya watu. Garside aliinuka, akaenda dirishani, akaona huko juu mvuke mweupe ukitoka na kutoka, na akafahamu kwamba Lumb ameishika kamba na hataiachia mpaka mvuke wa bwela uishe. Sauti ikaanza kuteremka, ikawa nene, ikawa kama pumzi ya mgonjwa, ikawa si kitu.

Alipogeuka, Hetty alikuwa anapuliza dole lake, kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Kikombe kilikuwa kimesogezwa karibu na kiberiti. Garside akafika mezani kwa hatua mbili.

Nta ilikuwa pale pale kwenye pamba yake. Ilikuwa laini kama kioo, imesawazishwa mpaka ukingoni, haina mstari, haina kovu. Ilikuwa kazi safi. Lumb angeipitisha bila kuuliza, kama si kwa kukosa dole.

"Bi Hetty," alisema.

"Kaa kitako, mwanangu. Mama yako angefanya vivyo hivyo."

*

Saa nane kasoro dakika kumi Mrakibu Thwaite alisukuma mlango.

"Haya, Garside. Saa zako sita zimezaa nini?"

Garside alimpa kiberiti. Thwaite akakifungua, akakinusa, akakigeuzia kwenye mwanga.

"Nini hii?"

"Nta, bwana. Ilitoka katika tundu la redio. Ilikuwa mfukoni mwa marehemu."

"Ina alama?"

Hetty alikuwa amesimama, anafunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka cha shingoni. Hakumtazama Garside. Alikuwa anasikiliza tu.

"Ilikuwa nayo," alisema Garside. "Saa tano niliiona kwa macho yangu, na Lumb pia."

"Sikuuliza ilikuwa nini saa tano. Nauliza sasa."

"Sasa haina."

"Bibi huyu anasema alitia nta au hakutia?"

"Nilisahau, bwana mkubwa," alisema Hetty. "Kama nilivyoandika."

Thwaite alifunga kiberiti, akakirudisha mezani kama mtu arudishaye chenji mbovu. "Mzee aliokota kipande cha nta, akakiweka mfukoni. Wazee huokota vitu. Twende, mama."

Mlangoni Hetty alisimama. "Amos, kesho utatembea badala yangu. Upande wa Lumb, maana hajui kushika mwendo. Na viatu uvipige rangi."

Wakatoka. Hatua zao zikaisha ukumbini, gari likawashwa uani, likaenda.

Garside alibaki na kikombe. Chai ilikuwa imepoa, haikunywewa hata funda moja. Ubavuni mwa kikombe, pale palipokuwa pa moto, palikuwa na doa jekundu la kidole gumba. Akakipeleka kikombe dirishani, akatoa lenzi, akalichunguza kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Nta ilikuwa imejaa kidoleni mwa Hetty mpaka ndani ya kovu.